Kikombe cha Mkono wa Kushoto

Garissa
12 Januari 2025

Mdogo wangu Silas,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, ila joto, na habari ya joto haihitaji maelezo kwako wewe uliye kambini huko El Gudud. Mama hajambo. Jana alinipigia akasema mbuzi mweusi amezaa mapacha, na ndege wameumaliza mtama wa shamba la chini. Aliniuliza kama unakula. Nikamwambia serikali inakulisha maharagwe, akasikitika.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu tangu mnara wenu wa simu ulipolipuliwa mwezi wa Novemba, nimechoka kuambiwa hupatikani. Abdinasir, dereva wa lori linaloleta unga na mafuta hadi Hulugho na kwenu, amekubali kubeba barua. "Daktari," aliniambia, "karatasi si mzigo, mimi nabeleka bure." Nimemwambia mara kumi kwamba mimi si daktari. Na naandika Kiswahili, si Kitharaka, maana Baba akifufuka akatukuta tumekiacha Kiswahili chake, atatafuta kalamu nyekundu kabla ya kutafuta nguo.

Sasa la moyoni. Kazi hii ya ushauri nasaha inanila, Silas. Watu hudhani mshauri anakaa kwenye kiti, anatikisa kichwa, mwisho wa mwezi analipwa. Wiki jana mwanamke alinieleza jinsi mumewe alivyommwagia maji ya moto mgongoni, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nawaza kama nimezima jiko. Baada yake akaja mwanamume kuniambia jinsi anavyompiga mkewe, nikatamani kumpasua kichwa kwa kiti nilichokalia. Mambo haya hatuambiani hata sisi wenyewe wa kazi hii. Msimamizi wangu, ambaye ndiye wa kunisikiliza mimi, yuko Nairobi na hupiga simu mara moja kwa mwezi, akikumbuka. Kwa hiyo masikio yako yatanifaa.

Yuko mmoja ninayemwita mgeni wa Jumanne, maana majina ya wanaokuja kwangu ni amana. Ni mchunga ngamia, hajafika miaka thelathini, mrefu hadi anainama mlangoni. Yeye na kaka yake walipigwa kisimani huko mpakani mwezi wa Desemba. Kaka alikufa siku ya pili. Yeye, waliuweka mkono wake wa kulia juu ya jiwe la kisima wakauponda kwa kitako cha bunduki, vidole vitatu vikavunjika. Anasema walikuwa na sare. Sikuuliza sare gani, maana huko sare ni nyingi na nyingine ni za wizi. Kila akija namwekea chai, na kila siku chai inapoa, kwa sababu mkono wa kulia umefungwa, na kwao mkono wa kushoto ni wa chooni, haushiki kikombe mbele za watu. Anaitazama tu ile chai. Mimi ndiye ninayetoka pale na kiu.

Niandikie.

Dada yako,
Mirriam

---

El Gudud
27 Januari 2025

Dada Mirriam,

Barua yako imefika ikinuka mafuta ya taa, lakini imefika. Mimi sijambo. Mwambie Mama nakula, na kwamba maharagwe ya serikali huja na nyama yake, ndogo ndogo na yenye mabawa. Hilo la mabawa usimwambie.

Umetania habari ya kalamu nyekundu. Wewe ndiye uliyesahihishwa kwa kalamu. Mimi nilisahihishwa kwa fimbo.

Huku siku yetu nzuri ni Alhamisi. Tunapeleka lori la maji kisimani, na pampu inapovuta tunakaa kwa Kaaha, mama mwenye kibanda cha chai, tunakunywa chai ya maziwa ya ngamia. Kang'ethe ndiye aliyenifundisha kuipenda. Sikukuambia habari ya Kang'ethe. Tarehe sita Desemba gari lake lilikanyaga bomu, hatua mia nne kutoka kisimani. Nilikuwa kwenye gari la nyuma. Mimi na wengine wawili tuliokota tulichoweza tukakitia ndani ya blanketi lake mwenyewe, na afande akasimama juu yetu akituambia tusichanganye cha Kang'ethe na cha dereva. Mguu mmoja tuliuona siku ya pili juu ya mti wa miiba, tukionyeshwa na ndege. Mama yake alipelekewa sanduku lililotiwa mchanga ili wabebaji wasishangae wepesi wake. Basi, nimekuambia.

Kuhusu mgeni wako, nakushauri ingawa mimi ni mdogo. Watu wa huku waliona nani alichimba barabara ile wakanyamaza, kisha wanakuja kulia kwa wageni. Chai ikipoa, inywe wewe.

Anakumbuka nini hasa? Nauliza tu.

Mdogo wako,
Silas

---

Garissa
9 Februari 2025

Mdogo wangu,

Pole. Pole sana. Nilipoisoma habari ya Kang'ethe nilikaa kitandani na viatu miguuni hadi jioni. Mama anamkumbuka kama kijana aliyekula chapati tisa Krismasi ya mwaka juzi kisha akaosha vyombo vyote. Amemwombea kanisani. Lakini nimekasirika pia, Silas. Miezi miwili umekaa na jambo hilo kifuani, na dada yako anaishi kwa kusikiliza watu.

Umeuliza mgeni wangu anakumbuka nini. Anachokumbuka ni chake, si changu wala chako.

La chai nitakuambia, kwa kuwa si siri, ni chai. Ruweyda, anayenitafsiria Kisomali, ana mjomba wake ambaye ni imamu. Nilimtuma akamuulize, na imamu akajibu kwamba aliyevunjika mkono hana dhambi kutumia uliobaki. Jumanne nikamwambia mgeni hivyo. Akaendelea kuitazama chai. Basi nikachukua kikombe changu kwa mkono wa kushoto, nikanywa mbele yake, nikajimwagia nusu kwenye blauzi. Silas, alicheka. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akicheka. Kisha akanyoosha mkono wake wa kushoto, akakishika kikombe, akanywa chote. Sasa kila Jumanne anakunywa, na Ruweyda amemwona kwenye hoteli ya ng'ambo ya barabara akinywa hivyo hivyo mbele ya wanaume wenzake bila haya. Nilijivuna siku nzima. Katika kazi yangu ushindi ni mdogo kiasi hicho, na huja mara chache.

Jambo jingine limenikaa. Kwao mtu akiuawa, watu wa ukoo wa muuaji hukaa mkekani na watu wa ukoo wa marehemu, na damu huzungumzwa kabla nyingine haijamwagika. Wazee wake walikwenda kambini kutafuta wa kukaa naye. Mkubwa wa kambi akawajibu getini, "Serikali haina ukoo." Wakarudi. Sasa kijana ananiuliza, kama muuaji hana ukoo, damu ya kaka yake wakaidai kwa nani?

Wako,
Mirriam

---

El Gudud
2 Machi 2025

Dada,

Salamu kwako na kwa Mama. Likizo yangu imesogezwa tena, sasa wanasema Juni. Nimefuga ndevu. Sikupenda, ila mkono wa kulia unatetemeka kila asubuhi na wembe hautaki mzaha. Wenzangu wananiita shehe.

Nikilala naona blanketi. Nikiamka mapema naona kisima. Nimemfokea Kaaha kwa sababu ya sukari, mama wa watu, hadi akakaa chini. Wewe ni fundi wa mioyo, nisaidie. Nipe zile dakika hamsini unazowapa wengine, hata kama ni kwa karatasi. Nina swali moja tu la kuanzia: mtu akifanya jambo kwa hasira, jambo lile ni lake au ni la hasira?

Usinijibu kwa maneno ya vitabuni.

Silas

---

Garissa
12 Machi 2025

Silas,

Barua yako nimeipata. Mama hajambo. Katika wale mapacha wa mbuzi mmoja amekufa. Huku ni Ramadhani, mchana mji umelala, na mezani kwangu hakuna chai.

Sheria ya kazi yetu hairuhusu mshauri kumtibu ndugu yake. Nitakutafutia mwingine.

Nina swali na mimi. Bado unayo saa ya Baba? Unaivaa kazini? Unakumbuka, kabla ya kutuchapa, alivyoivua taratibu, akaizungushia leso, akaitia kwenye mfuko wa shati na kufunga kifungo ili isipate ufa? Mimi nilikuwa naiogopa ile leso kuliko fimbo.

Sina sababu ya kuuliza. Nimeikumbuka jana tu.

Mirriam

---

El Gudud
30 Machi 2025

Dada,

Saa ipo. Inakwenda vizuri kuliko mimi.

Wewe tangu uzaliwe hujauliza kitu bila sababu. Uliandika tarehe 12 kwamba umeikumbuka jana. Nimetazama kalenda. Jana yako ilikuwa Jumanne.

Swali langu hukulijibu, ukaniletea sheria. Sawa. Mimi pia nina la kukumbuka. Siku Baba aliponivunja kidole kwa sababu ya kitabu cha shule kilicholowa, ulikuwa umesimama mlangoni. Ulininong'oneza, "Usilie, atachoka." Kisha Mama aliporudi sokoni ukamwambia nimeanguka kutoka kwenye mkorosho. Mwaka ule hatukuwa hata na mkorosho. Dada, wewe ni hodari wa kutunza siri za mpigaji. Naona siku hizi umehamia kwa waliopigwa.

Ukikutana na huyo mgeni, mwambie kulikuwa na blanketi.

Silas

---

Garissa
9 Aprili 2025

Silas,

Mama ni mgonjwa sana. Kifua. Daktari anasema asikae peke yake. Mwambie afande akupe ruhusa ya dharura uende nyumbani mara upatapo barua hii, usingoje Juni. Usiniulize mengi, nenda.

Mirriam

---

El Gudud
24 Aprili 2025

Dada,

Nilipopata barua yako niliomba gari hadi Hulugho, nikapanda kile kilima ambapo simu hushika ukisimama vizuri. Nikampigia Mama. Alikuwa shambani anafukuza ndege, anapiga debe kwa fimbo na kuimba. Aliniuliza kwa nini nalia.

Njia yote ya kwenda nilimzika, Mirriam. Nilimchagulia hata mahali. Unajua mimi nimebeba nini mwaka huu, na bado ukaniongezea hilo.

Sasa sema. Kuna kitu unakijua kinachonihusu, na umekikalia. Unataka niondoke hapa kwa sababu gani? Mimi nina kofia ya chuma, nina fulana ya kuzuia risasi, nina bunduki, na ndugu wa tumbo moja nami anakataa kuniambia hatari inatoka wapi. Sitaondoka hadi uniambie.

Silas

---

Garissa
10 Mei 2025

Mdogo wangu,

Nimeiandika barua hii mara nne na tatu nimezichoma jikoni. Abdinasir anaondoka kesho asubuhi.

Tarehe 11 Machi mgeni wangu alieleza kwa mara ya kwanza yote yaliyotokea kisimani. Ruweyda alikuwa akitafsiri. Alisema yule aliyewapiga zaidi hakuwa na haraka. Kwanza alivua saa, akaizungushia leso, akaitia mfukoni na kufunga kifungo. Kisha akaanza na kaka yake, mbavu, figo, uso, hadi kaka akaacha kuita jina la mama yao na kuanza kuita maji. Ruweyda alilia. Mimi sikulia, nilikuwa namwona Baba. Nikasema, "Endelea." Hiyo ndiyo kazi yangu.

Baada ya Idi akaniambia atakuua, bila kujua kwamba wewe ni mdogo wangu. Ruweyda alikataa kulitafsiri, kwa hiyo kijana akalisema mwenyewe kwa Kiswahili chake: "Mimi hataki serikali. Mimi nataka ile mtu ya saa, yeye beke yake." Ana kisu cha kaka yake. Nimemsihi kwa wiki nne. Nimemwambia habari ya mama yake atakayebaki bila mtoto. Jumanne iliyopita alisimama, akaniambia, "Wewe nasikiza mimi fizuri. Sasa wacha." Anasafiri. Anajua mnakwenda kisimani Alhamisi.

Nilimpigia msimamizi wangu Nairobi, bila kumwambia kwamba anayetishiwa ni ndugu yangu. Alinisomea sheria: mteja akitishia kuua, siri inavunjwa, aliyetishiwa anaambiwa. Basi nakuambia.

Usiende kisimani Alhamisi tarehe 15. Sema una homa. Usimwambie afande, usimwambie mtu yeyote. Ameahidi asipokuona atarudi Garissa, na ana miadi nami Jumanne tarehe 20. Nipe Jumanne hiyo, Silas. Nikipata Jumanne moja zaidi, nitamshika. Naomba uhai wako, na naomba wake. Naviomba vyote viwili kwako kwa sababu sina mwingine wa kumwomba.

Nakupenda, na ulichokifanya kinanitia kichefuchefu. Yote mawili ni kweli.

Mirriam

---

El Gudud
19 Mei 2025

Dada yangu,

Umeniokoa. Nilitaka neno hilo litangulie.

Barua ilifika Jumatano. Nilifikiri sana. Ningekaa na homa wiki hii, na wiki ijayo je? Na siku ambayo angemkosa mwenye saa akamchoma mwenzangu yeyote? Nilimwambia afande. Ungekuwa hapa ungefanya hivyo hivyo.

Tulikwenda wanne, bila sare, tumevaa kikoi, tukajificha nyuma ya kibanda cha Kaaha tangu alfajiri. Lori la maji lilikuja na wengine kama kawaida. Chini ya turubai la Kaaha walikuwa wamekaa wanaume sita. Tatizo letu lilikuwa moja, hakuna aliyemjua. Siku ile ya Desemba sikumtazama uso, nisingeweza kufanya kazi ile nikitazama nyuso. Mkono wake ulikuwa umeshafunguliwa bendeji na umefunikwa na shuka. Afande alitaka tuwachukue wote sita, na unajua maana ya hilo. Nikamwambia tungoje chai.

Kaaha akagawa. Watano walipokea kwa mkono wa kulia. Mmoja alipokea kwa kushoto, akanywa vizuri, hakumwaga hata tone. Ulimfundisha vizuri.

Nilimpiga tatu, mbili kifuani, moja shingoni alipojaribu kuinuka. Kisu alikuwa nacho, kwa hiyo hukunidanganya safari hii. Wale watano walilala chini wakafunika vichwa, na wako hai, hilo lihesabu. Kaaha alipiga mayowe hadi sauti ikakauka, akakaa na kikombe kile mapajani. Ni cha bati, hakikuvunjika. Kabla ya kufyatua nilijikuta nimevua saa. Sijui kwa nini, risasi haidhuru saa ya anayefyatua.

Nilidhani mkono utatulia baada ya hapo. Bado unatetemeka.

Mama asijue. Asante, dada. Juni nitakuja, nitakununulia blauzi ile.

Silas

---

Garissa
3 Juni 2025

Silas,

Mama hajambo, na anajua. Nimemwambia mwenyewe kwa simu, kuanzia kisima hadi kidole chako na mkorosho ambao hatukuwa nao. Kisha akaniuliza basi la Garissa linapandiwa wapi.

Jumanne tarehe 20 niliweka vikombe viwili. Saa nne ikapita. Ruweyda akaingia, hakukaa, nikaelewa. Jina lake lilikuwa Kadar. Nalitaja sasa kwa sababu amana yake nilishaivunja, na kaka yake aliitwa Jelle. Abdinasir anasema safari ile alimbeba yeye na barua yangu pamoja.

Jumanne iliyofuata alikuja mama yao, Weris. Hakuwa na miadi. Alikalia kiti kile kile. Ni mwanamke mfupi, sijui mwana alirefukia wapi. Alizungumza muda mrefu, na Ruweyda akatafsiri akiangalia sakafu. Alisema Kaaha amemsimulia. Wauaji walikuwa wamefika tangu alfajiri lakini hawakufyatua hadi vikombe vilipoinuliwa. Kisha akaniuliza swali moja. "Mwanangu nilimlea mimi. Hakuwahi kunywa kwa mkono wa kushoto. Nani alimfundisha?"

Miaka tisa nimefundishwa kurudisha swali kwa mwenye swali. Unajisikiaje ukiuliza hivyo, mama? Ndivyo tunavyosema. Lilikuwa tayari mdomoni.

Nikasema, "Ni mimi. Na ni mimi niliyemwandikia mdogo wangu, na mdogo wangu ndiye mwenye saa. Na siku ya kisima wanao wote wawili walipigwa na mdogo wangu huyo huyo." Ruweyda hakutafsiri. Alinitazama akatikisa kichwa, machozi yanamtoka, akaniambia kwa Kiswahili, "Mwalimu, sisemi hiyo. Hiyo itakuua." Weris akamshika mkono akiuliza nimesema nini. Basi nikatumia maneno machache ya Kisomali niliyofundishwa na Kadar mwenyewe, siku alipotaka kunicheka. Nikajigusa kifua nikasema, "Aniga," ni mimi. Kisha nikasema, "Walaalkay," ndugu yangu. Nikaonyesha kifundo cha mkono, mahali pa saa.

Alielewa mara moja. Alivua kiatu akanipiga nacho usoni, mara nyingi. Jino moja limetoka. Sikuinua mkono. Nilijua kwamba atachoka, wewe unajua nilikojifunza hilo. Alipochoka alikaa, akavaa kiatu chake, akamwambia Ruweyda jambo, na safari hii Ruweyda alitafsiri. Alisema, "Waliwaambia wazee hana ukoo. Kumbe anao."

Sasa nisikilize. Juzi wazee walikuja hapa, watatu, na Warsame, mjomba wa marehemu, ndiye msemaji wao. Wanataka mkeka. Watakuja hapa Garissa Alhamisi tarehe 19 Juni, Idi ikishapita, baada ya sala ya alasiri. Warsame ameniambia wazi kwamba tukikaa, vijana wao watazuiliwa, na tusipokaa, yeye hana kamba ya kuwafungia. Kwa hiyo bado naomba uhai wako, ila sasa siuombi kwako.

Uliniuliza mwezi wa tatu, jambo la hasira ni la nani. Nilikuwa na jibu na nilijificha nyuma ya sheria, kwa sababu siku hiyo hiyo nilikuwa nimesikia habari ya saa nikakuogopa. Ningekujibu pengine ungezungumza. Hilo nitalibeba. Jibu ni kwamba ni lako, Silas. Na la chai ni langu, na la barua ni langu, nami nitayasema mbele yao kabla hawajaniuliza.

Upande wetu wa mkeka tutakaa mimi na Mama. Njoo bila bunduki. Saa uje nayo mkononi, usiitie mfukoni.

Barua yako ya tarehe 19 Mei nitaisoma yote pale mkekani, uwepo usiwepo. Nimemwomba Ruweyda aitafsiri bila kuruka neno, na amekubali.

Dada yako,
Mirriam